Samaki Wanahesabiwa kwa Mita, Sababu Zao Ziko Kilomita Nyingi Mbali

Takwimu nyingi tunazosoma kuhusu samaki wa miamba ya matumbawe zimeanzia kwenye utepe. Mpiga mbizi huukunjua chini ya maji, mara nyingi mita 50, kisha huogelea taratibu juu yake akiandika kila samaki anayemwona ndani ya mita mbili na nusu za kila upande. Hizo ni mita za mraba 250. Zinahitajika tepe 40 za namna hiyo kufunika hekta moja tu, na kilomita moja ya mraba ina hekta 100. Wengine hutumia njia tofauti: mpimaji hutulia mahali pamoja na kuhesabu samaki waliomo kwenye duara lenye nusukipenyo cha mita 7.5, eneo ambalo hata halifiki mita za mraba 180.

Ni kutoka kwenye vipande hivyo ndipo zinapotoka sentensi nzito: samaki wa ukanda fulani wamepungua, hifadhi fulani imezaa matunda, nchi fulani imebakiwa na nusu ya samaki wake. Sina ugomvi na utepe. Hakuna anayeweza kuhesabu bahari nzima, na kipande kilichopimwa vizuri kina thamani kuliko kilomita elfu za kukisia. Ugomvi wangu ni na ule mruko unaofanywa kati ya utepe na sentensi, kana kwamba jamii ya samaki ni kitu kimoja, kitazame kwa karibu au kwa mbali. Jibu hubadilika kadiri eneo linavyopanuka. Na jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba sababu ya kile unachokihesabu ndani ya mita chache mara nyingi haimo ndani ya mita hizo.

Tuanze karibu kabisa. Sogeza utepe hatua chache tu, kutoka kwenye matumbawe yenye matawi hadi kwenye mchanga uliochanganyika na vifusi, na orodha inabadilika. Wale samaki wadogo wa familia ya Pomacentridae, wa buluu na wa njano, wanaoelea juu ya matawi na kuchomoka kujificha wakiona kivuli, wanaisha ghafla kama hawakuwahi kuwepo. Mashimo nayo yana hesabu yake. Mwaka 1993 Mark Hixon na James Beets walichapisha matokeo ya majaribio yao katika Visiwa vya Virgin vya Marekani, ambako walijenga miamba midogo ya matofali ya zege na kubadilisha idadi na ukubwa wa matundu. Samaki wadogo waliongezeka pale palipokuwa na matundu yanayowatosha wao na kuwazuia wanaowala. Tundu likiwa kubwa mno, mwenye nyumba anakuwa yule yule aliyekuwa akikimbiwa.

Halafu kuna mawimbi. Upande wa joshi, unaokabili upepo, mwamba hupigwa mchana na usiku. Upande wa demani, uliokingwa na upepo, maji yametulia. Chris Fulton na David Bellwood walichunguza samaki wa familia ya Labridae, jamaa wa karibu wa pono, wakakuta tofauti ambayo unaweza kuiona kwa macho ukimtazama samaki ubavuni. Wenye mapezi ya kifua marefu yaliyochongoka huyapiga juu na chini, na kwa mwendo huo huweza kuogelea kwa kasi muda mrefu bila kuchoka. Hao ndio wanaotamba kwenye ukingo wenye mawimbi. Wenye mapezi mafupi ya mviringo ni mahodari wa kugeuka na kusimama papo kwa papo, ila nguvu ya mawimbi inawashinda, kwa hiyo hubaki palipotulia. Kati ya makundi hayo mawili pengine hapana hata mwendo wa dakika kumi kwa mtu anayeogelea.

Kwa hiyo mpimaji mwenye tepe chache anaona nini? Anaona vurugu. Utepe wa kwanza una samaki tele, wa pili una wachache, wa tatu una aina nyingine kabisa. Tafiti zilizopangwa kwa ngazi, yaani tepe ndani ya eneo, eneo ndani ya mwamba, mwamba ndani ya ukanda, mara kwa mara hukuta kwamba sehemu kubwa ya tofauti iko huku chini, kati ya utepe na jirani yake. Mtu angetarajia kwamba ukipanua macho zaidi vurugu itazidi. Mara nyingi inakuwa kinyume chake.

Great Barrier Reef ya Australia ina urefu wa kilomita 2,300 hivi na miamba inayokaribia 3,000. Mwaka 1982 David Williams alieleza jinsi jamii za samaki zinavyobadilika katika sehemu ya kati ya mfumo huo, na mwaka 1984 Garry Russ akafanya hivyo kwa samaki wanaokula mwani, wakiwemo pono, kangaja na tasi. Walikata bahari kwa upana, kutoka miamba iliyo karibu na bara, kupita ile ya katikati, hadi ile ya nje inayotazama bahari kuu. Miamba iliyo umbali mmoja kutoka bara ilifanana, hata kama imetenganishwa na maji mengi. Lakini ukitoka bara kwenda nje, unapita kutoka jamii moja ya samaki hadi nyingine. Karibu na bara maji yana tope na walaji wa mwani ni wachache. Kule nje maji ni maangavu na wamejaa. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa kuliko ile iliyopo kati ya mwamba na mwamba ndani ya ukanda mmoja.

Huo ni utaratibu safi, na hautaupata kamwe ukikaa kwenye mwamba mmoja, hata ukiupima miaka kumi.

Mabishano makali kuliko yote katika taaluma hii yalizaliwa papo hapo, kwenye tofauti ya umbali wa kutazama. Miaka ya 1970 Peter Sale alikuwa akifanya kazi Heron, kisiwa cha kusini mwa Great Barrier Reef, akifuatilia vijisehemu vya vifusi vinavyokaliwa na samaki wadogo wakali wenye kulinda maeneo yao. Mmoja akitoweka, Sale alitazama nani anashika nafasi. Kama kila spishi ina pahali pake, ungetegemea nafasi irudi kwa spishi ile ile, au angalau kwa mshindani anayejulikana. Haikuwa hivyo. Nafasi ilichukuliwa na yeyote aliyewahi kufika. Sale aliuita mchezo huo bahati nasibu, na makala yake ya 1977 iliwachokoza wengi, kwa kuwa fundisho lililotawala lilisema spishi nyingi huweza kuishi pamoja kwa sababu kila moja ina kazi yake na chakula chake.

Upande wa pili haukukosa hoja. Samaki wa ukingoni si wa kidimbwini, wa nje si wa karibu na bara. Hiyo bahati nasibu iko wapi? Miaka ikapita watu wakivutana mashati, wengine wakishika bango la bahati, wengine la mpangilio. Nikiyasoma mabishano yale leo naona watu wawili wanaobishana kuhusu picha moja, mmoja ameigusa kwa pua, mwingine yuko ng'ambo ya chumba. Sale alikuwa sahihi kwenye jiwe lake la matumbawe. Wapinzani wake walikuwa sahihi kwenye ramani yao. Kosa lilikuwa kudhani kwamba ukweli wa mmoja unafuta wa mwingine.

Na bahati nasibu ya Sale ilificha swali kubwa kuliko lile lililokuwa likibishaniwa. Sawa, nafasi inamwendea aliyewahi. Lakini nani amefika, na wangapi, na kutoka wapi?

Karibu samaki wote wa miambani huanza maisha yao mbali na mwamba. Mayai yanaanguliwa, lava, yaani samaki wachanga wa hatua ya kwanza, wanachukuliwa na maji, wanaishi wakielea na kuogelea kwa muda unaotofautiana sana: siku kumi hivi kwa samaki wa anemoni, miezi miwili au zaidi kwa baadhi ya kangaja. Kisha wanarudi kutafuta pa kukaa. Benjamin Victor alionyesha mwaka 1983, kwa samaki mdogo wa Karibi anayeitwa Thalassoma bifasciatum, kwamba idadi ya wakubwa kwenye miamba ya Panama ilitegemea zaidi wangapi walifika kuliko nafasi iliyokuwepo. Ushahidi unaonivutia zaidi ni wa Peter Doherty na Tony Fowler wa mwaka 1994. Walifuatilia spishi moja, Pomacentrus moluccensis, kwenye miamba saba ya kusini mwa Great Barrier Reef kwa miaka tisa. Baada ya kuzingatia tofauti za vifo, historia ya kufika kwa vifaranga ilieleza zaidi ya asilimia 90 ya tofauti ya wingi kati ya mwamba na mwamba.

Hebu tulielewe vizuri jambo hilo. Mpimaji anayekuta samaki wachache mahali fulani atapekua mazingira ya mahali hapo: matumbawe yamekufa? Wavuvi wamepita? Maji machafu? Yote yanawezekana. Ila inawezekana vilevile kwamba hakuna kibaya kilichotokea hapo, ni kwamba miaka minne au mitano iliyopita mkondo haukuleta vifaranga. Sababu iko nje ya utepe kwa umbali, na iko nyuma yake kwa wakati.

Hapo ndipo swali la “kutoka wapi” lilipokuwa gumu kweli kweli. Unamfuatiliaje mnyama wa milimita chache katika bahari? Kwa miaka mingi wengi walichukulia tu kwamba lava wanasombwa mbali, na kwamba mwamba unalea watoto wa wengine na kuwapeleka wake kwingine. Mwaka 1999 Geoffrey Jones na wenzake walifanya jambo ambalo bado naona lilihitaji ujasiri wa kichaa. Katika kisiwa cha Lizard, kaskazini mwa Great Barrier Reef, waliloweka mayai ya samaki mdogo aitwaye Pomacentrus amboinensis katika tetrasaiklini, dawa ambayo huacha alama inayong'aa kwenye kijiwe kilichomo ndani ya sikio la samaki. Viinitete zaidi ya milioni 10 walitiwa alama. Kisha watafiti wakakamata vifaranga 5,000 waliorudi kukaa kwenye mwamba, wakavichunguza vijiwe vya masikio yao.

Walipata 15 wenye alama.

Ukiitazama namba hiyo haraka utasema jaribio limefeli: 15 katika 5,000 ni asilimia 0.3. Lakini mayai milioni 10 yalikuwa sehemu ndogo tu ya mayai yote yaliyotagwa kuzunguka kisiwa, kati ya asilimia 0.5 na 2 kwa makadirio yao. Gawanya asilimia 0.3 kwa 2 na unapata asilimia 15. Gawanya kwa 0.5 na unapata 60. Maana yake ni kwamba kati ya vifaranga 100 waliofika Lizard, 15 hadi 60 huenda walizaliwa hapo hapo. Watoto wanarudi nyumbani, na kwa wingi usiotarajiwa.

Utafiti uliofuata ulibana makadirio hayo. Mwaka 2007 Glenn Almany na wenzake walitangaza matokeo ya kisiwa kidogo cha Kimbe, Papua New Guinea, ambako majike walidungwa isotopu ya bariamu, aina maalumu ya elementi hiyo ambayo huwafikia watoto na kuwaachia alama. Kwa samaki wa anemoni na kwa aina moja ya samaki-kipepeo, asilimia 60 hivi ya vifaranga waliofika walikuwa wenyeji. Lava si mizigo inayoelea. Wakikaribia mwisho wa safari wanaogelea kwa nguvu, na majaribio ya Stephen Simpson na wenzake, yaliyochapishwa 2005, yalionyesha kwamba vifaranga wengi huvutwa na sauti za mwamba, ile mipasuko na milio ya kamba na samaki, hata ikitoka kwenye spika tu.

Basi mwamba unajitegemea? Hapana, na hapa ndipo wasomaji wengi wa tafiti hizi huteleza. Asilimia 60 wenyeji ni asilimia 40 wageni. Mwaka 2012 Hugo Harrison na wenzake walitumia vinasaba katika visiwa vya Keppel, Australia, kutafuta wazazi wa vifaranga wa chewa wa madoa na wa samaki mmoja wa jamii ya changu. Hifadhi zilizofungwa kuvuliwa zilikuwa na asilimia 28 tu ya eneo la miamba, lakini zilizaa karibu nusu ya vifaranga wote walioshuka ndani ya kilomita 30, ndani ya hifadhi na nje yake. Anayehesabu samaki nje ya hifadhi na kuwakuta wengi anaweza kudai kwamba uvuvi hauna madhara. Hajui kwamba anahesabu watoto wa hifadhi ya jirani.

Kwenye ngazi ya juu kabisa, ile ya bahari na bahari, nitapita upesi kwa kuwa ndiyo inayojulikana zaidi. Pembetatu ya Matumbawe, inayokusanya Indonesia, Ufilipino, Malaysia, Papua New Guinea, Visiwa vya Solomon na Timor ya Mashariki, ina spishi zaidi ya 2,000 za samaki wa miambani. Karibi ina sehemu ndogo tu ya hizo. Gerald Allen, mtaalamu wa samaki, aliwahi kuandika zaidi ya spishi 280 katika mbizi moja tu huko Raja Ampat, Indonesia. Kinachonishangaza zaidi ya wingi ni kile walichokionyesha David Bellwood na Terry Hughes mwaka 2001: ndani ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, spishi zinapungua kadiri unavyoondoka kwenye pembetatu, lakini uwiano wa familia unabaki karibu ule ule. Mahali penye spishi chache pana sehemu ile ile ya Labridae na Pomacentridae kama mahali penye spishi nyingi, na eneo la maji ya kina kifupi linalofaa matumbawe lilieleza sehemu kubwa ya tofauti ya wingi wa spishi. Yaani mtu anaweza kuwa na bahati nasibu kwenye jiwe, mpangilio kwenye ukanda, na uwiano wa kudumu kwenye bahari nzima, vyote kwa wakati mmoja na kwa samaki wale wale.

Ngazi hizi haziishi kila moja kivyake pia. Samaki-simba wa Pasifiki aliingizwa na binadamu katika Atlantiki ya magharibi, mahali ambapo samaki wadogo hawakuwahi kukutana na mwindaji wa namna yake. Mark Albins na Hixon walipomweka kwenye vijiamba vidogo huko Bahama, ongezeko la vifaranga lilipungua kwa asilimia 79 ndani ya wiki tano. Ukuta wa kibayolojia kati ya bahari na bahari ulivunjwa, na hasara ikasomeka kwenye kijiamba unachoweza kukizunguka kwa pumzi moja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu unaonyesha jinsi eneo dogo linavyoweza kutoa jibu lisilowezekana, ni wa Fakarava katika Polinesia ya Ufaransa. Kwenye mlango wa kusini wa kisiwa hicho, maji yanapoingia na kutoka, hukusanyika papa wa kijivu hadi 700. Ukipima uzito wa papa na uzito wa samaki wanaoliwa waliomo mlangoni humo, piramidi ya chakula inasimama juu chini: walaji wazito kuliko chakula chao. Johann Mourier na wenzake walieleza mwaka 2016 kinachoendelea. Chewa hufika mlangoni kwa maelfu kutoka sehemu nyingine za mwamba ili kutaga, na papa hula chakula kilichokuzwa mbali. Piramidi ilipinduka kwa sababu fremu ilikuwa ndogo. Panua fremu hadi wanakotoka chewa, nayo inakaa sawa. Taarifa za awali za piramidi zilizopinduka katika miamba ya mbali ya Pasifiki zilipata umaarufu mkubwa, na wengine wakazichukua kuwa picha ya kila mwamba usioguswa na binadamu. Onyo la wapimaji kwamba papa anayepita na kurudi huandikwa zaidi ya alivyo halikusikika kwa sauti ile ile.

Sasa tufike kwenye maamuzi. Mwaka 2015 kundi lililoongozwa na Aaron MacNeil lilikusanya data za miamba zaidi ya 800 duniani. Mwamba usiovuliwa, walikadiria, hubeba kilo 1,000 hivi za samaki kwa hekta, na asilimia 83 ya miamba inayovuliwa ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya kiasi kinachotarajiwa. Ni kazi nzuri, na namba yake inafaa kututia hofu. Lakini mwaka uliofuata Joshua Cinner na wenzake, wakiwa na data za miamba zaidi ya 2,500, waliuliza swali ambalo wastani hauwezi kulijibu: miamba ipi ina samaki wengi kuliko hali yake inavyoruhusu, na ipi ina wachache? Wakapata 15 iliyopita matarajio na 35 iliyoanguka chini yake. Baadhi ya ile iliyofanya vizuri ilikuwa na watu wanaoishi hapo hapo na kuitegemea, wenye taratibu zao za nani avue wapi. Ungeangalia ramani ya dunia tu, usingeiona.

Ushelisheli inatoa somo la aina hiyo hiyo upande wa joto. Kupauka kwa matumbawe kwa mwaka 1998 kuliua zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai katika visiwa vya ndani. Tukio moja, maji yale yale ya moto. Nicholas Graham na wenzake walifuatilia maeneo 21 na kutoa matokeo mwaka 2015: 12 yalirudi kuwa matumbawe, 9 yakageuka mashamba ya mwani. Kina cha maji na wingi wa mashimo na miinuko katika umbo la mwamba kabla ya janga ndivyo vilivyotabiri vizuri kipi kitaelekea wapi. Joto lilipangwa na tabianchi ya dunia. Hatima ilipangwa na mabonde na vilima vya mwamba husika. Waziri anayesema “miamba yetu imepona” na mwanaharakati anayesema “miamba yetu imekufa” wangeweza wote wawili kuonyesha picha za kweli, za mwaka mmoja, za nchi moja.

Kuna watu wanaosikia haya na kuhitimisha kwamba basi kila mwamba una mambo yake, hakuna la jumla linaloweza kusemwa. Siwaungi mkono. Hitimisho hilo ni la uvivu, na lina faida kwa asiyetaka kufanya lolote. Ya jumla yapo mengi, ila kila moja lina ukubwa wake wa eneo, na kulitaja ni sehemu ya kulisema. Ripoti inayotoa wastani wa ukanda bila kuonyesha tepe zilitofautiana kiasi gani imetupa nusu ya kilichogunduliwa. Hata mhariri wa habari angeweza kuuliza swali moja tu: mlipima wapi, na palikuwa pakubwa kiasi gani?

Tatizo hili limefika hadi kwenye mikataba. Makubaliano ya bioanuwai ya Kunming-Montreal ya mwaka 2022 yanataka asilimia 30 ya nchi kavu na ya bahari ihifadhiwe ifikapo 2030. Kama shabaha ya kisiasa sina neno. Inawasukuma walio wazito. Lakini asilimia ni kipimo cha nchi au dunia, na samaki hawaishi kwenye asilimia. Nchi inaweza kuifikia kwa kufunga kipande kimoja kikubwa cha bahari ya mbali kisicho na mwamba hata mmoja, au kwa hifadhi nyingi ndogo ambazo chewa huzivuka kabla ya saa sita mchana. Mwongozo uliotolewa 2014 na Alison Green na wenzake una busara zaidi: hifadhi iwe zaidi ya mara mbili ya eneo analozungukia samaki unayetaka kumlinda, na kati ya hifadhi na hifadhi pawe na kilomita 1 hadi 15, ili lava wa moja waweze kuifikia nyingine. Kwa samaki wa anemoni, mita chache zinatosha. Kwa kolekole, hata kilomita kadhaa ni kidogo.

Na kuna samaki ambao ukubwa wa hifadhi hauwasaidii hata uwe wa ukarimu, kwa sababu maisha yao yana umbali wa aina mbili. Chewa wa Nassau wa Karibi hukaa peke yake mwaka mzima kwenye kipande chake cha mwamba, kisha katika mwezi mpevu wa majira ya baridi husafiri, wengine zaidi ya kilomita 100, hadi mahali pamoja pa kutagia. Wavuvi walivifahamu vituo hivyo vizazi vingi, na vingi vilimalizwa kwa misimu michache tu. Utepe uliowekwa kwenye mwamba wa kawaida usingekuambia kwa nini chewa wametoweka kila mahali kwa pamoja. Visiwa vya Cayman vilipiga marufuku uvuvi kwenye vituo vya kutagia katika msimu wake kuanzia 2003, baadaye vikaongeza sheria za msimu kwa visiwa vyote. Waliofuatilia kazi hiyo waliripoti mwaka 2020 kwamba chewa wa Little Cayman na Cayman Brac walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tatu. Kiini cha kazi hiyo kilikuwa kona ndogo za mwamba, kwa wiki chache za mwaka, na waliorudi walitawanyika kuzunguka visiwa vizima.